Pakiti saba tupu mfukoni mwa sajini

Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa nafua uani, na kama kawaida yangu nikaanza kwa kupekua mifuko. Katika shati la kijani la mume wangu nikatoa pakiti za vidonge, zile za karatasi ya fedha, zimeminywa zote mpaka kidonge cha mwisho. Nikazipanga juu ya jiwe la kufulia nikazihesabu. Saba. Nne za diklofenaki, dawa kali ya maumivu, tatu za vile vidonge vya parasetamoli iliyochanganywa na kafeini. Mimi ni muuguzi, nina duka la dawa hapa Bombo, Uganda, mwendo wa dakika tano kutoka lango la kambi ya jeshi, na kila boksi lililo kwenye rafu zangu nalijua. Hata pakiti moja kati ya zile saba haikutoka kwangu.

Alikuwa anapanda teksi mpaka mji wa Wobulenzi kununua dawa ili mimi nisijue.

Niliacha nguo kwenye povu nikaketi. Sikukasirika. Nilichosikia ni aibu, kwa sababu miaka yote ile nimesimama nyuma ya kaunta nikiwauliza wateja wanatumia nini na kwa siku ngapi, na mtu ninayelala naye sikuwahi kumuuliza.

Baba Zaituni alistaafu mwaka 2019 akiwa sajini. Somalia alikwenda mara mbili. Wasomaji wa Uganda hawahitaji kuelezwa: askari wetu ndio waliotangulia kuingia Mogadishu, Machi 2007, na tangu hapo hakuna mtaa wa Bombo ambao haukutoa mtu. Mwaka 2013, kwenye barabara ya Afgooye, gari la mbele yake lilikanyaga bomu. Lake halikupinduka. Yeye alirushwa tu ndani ya gari, kofia ya chuma ikagonga ubavu wa gari, masikio yakalia siku mbili. Alinipigia simu akasema, "Mama Zaituni, mimi mzima, sina hata mkwaruzo." Na kweli hakuwa na mkwaruzo. Wiki haikuisha kabla kichwa hakijaanza.

Naomba nieleze kile kichwa, maana watu wakisikia "kichwa kinauma" hufikiria jua na njaa. Kinaanza nyuma ya jicho la kulia. Anaanza kupepesa, halafu anaomba mwanga uzimwe, halafu anaomba leso yangu anajifunga kipaji cha uso, anakaza fundo mpaka ngozi inaacha alama. Halali kitandani. Analala chini kwenye saruji ya chumba chetu kwa sababu ni baridi, shavu limegusa sakafu. Vitunguu vikikaangwa nyumba ya tatu, anatapika. Siku moja adhana ya alasiri ilipoanza alijiziba masikio kwa viganja vyote viwili, na kichwa kilipotulia usiku alilia, kwa sababu yeye, mtoto wa imamu, alikuwa amekimbia adhana. Inachukua siku nzima, wakati mwingine siku tatu. Halafu inaondoka, anaamka kama mtu aliyetoka malaria, mweupe mdomo.

Kiswahili kina jina la ugonjwa huu: kipandauso. Napenda neno hili, na linanisikitisha kwamba hapa kwetu wengi hawalijui. Kiswahili chetu cha Uganda kwa sehemu kubwa tulikipata kwa njia ya jeshi, na jeshi hufundisha kwanza maneno ya amri, ya bunduki, ya chakula na ya cheo. Maneno ya kumweleza daktari jinsi mtu anavyoumwa yalibaki pwani. Basi askari anafika kliniki anasema "kichwa", na daktari anasikia "kichwa" tu.

Ndivyo ilivyotupata. Katika hospitali moja daktari alimtazama dakika mbili akasema ni mawazo, afande apumzike. Kwingine walimtibu malaria mara tatu bila kumpima damu. Hakuna aliyemuuliza kama aliwahi kutikiswa na mlipuko. Naye hakusema, kwa sababu kwake yeye mtu aliyeumia ni yule aliyepelekwa Mubende, kwenye kituo cha jeshi cha walioumia, akijifunza kutembea na mguu wa bandia. Yeye ana miguu miwili. Atasemaje kwamba ameumia?

Sasa nirudi kwenye vidonge, kwa sababu hapa ndipo mimi mwenyewe nilipaswa kufumbua macho. Dawa za maumivu zikitumika mara nyingi mno kwa mtu mwenye kipandauso zinageuka kuwa kuni za moto uleule. Kipimo kinachotumika duniani ni hiki: dawa za kawaida kama parasetamoli na diklofenaki zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na za mchanganyiko kama zile zenye kafeini siku 10 tu, kichwa kinaanza kuuma kwa sababu ya dawa. Mtu anameza kwa sababu kinauma, kinauma kwa sababu anameza. Na hapo sijataja tumbo. Diklofenaki inachoma tumbo, inapandisha presha, inalemea figo. Baba Zaituni alikuwa na vidonda vya tumbo tangu 2017, na nilikuwa nampikia uji nikilaumu pilipili.

Mwezi mmoja baada ya zile pakiti saba, mpwa wangu akaja kutoka Marekani.

Ni mtoto wa dada yangu mkubwa. Alihamia kule na mama yake akiwa mdogo, akakua, akajiunga na jeshi la huko, akapelekwa Afghanistan, akarudi, akaacha jeshi. Hapa kwetu hilo halikumshangaza mtu. Bombo ni mji wa askari tangu enzi za Waingereza. Babu zetu Wanubi walifika Uganda wakiwa askari, na kila kizazi kimetoa wake. Alikuja kwa ajili ya arusi ya binamu yake, na siku ya pili, tumekaa barazani na gurusa, mkate wetu mwembamba wa Kinubi, na chai, nikaona anapepesa jicho. Ninamjua mtu anayepepesa hivyo.

Hakusema kitu. Aliingia ndani akarudi na kitu kama mkanda wa kupimia presha, ila chembamba, chenye upande unaonata. Akakunja mkono wa fulana, akakibandika kwenye mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, akafunga mkanda. Kisha akatoa simu, akagusa mara mbili tatu. Nikaona msuli wake unacheza kidogo chini ya ngozi.

"Mama mdogo, usishtuke," akasema. "Hiki ndicho kidonge changu."

Baba Zaituni akaweka kikombe chini.

Dakika 45 alikaa nacho, akila, akituelezea. Nguvu ya umeme anaipandisha mwenyewe kwenye simu mpaka aisikie sawasawa, kali lakini isiyoumiza. Akiiacha hafifu mno haisaidii, akizidisha inauma bure. Alisema inafanana na mguu uliokufa ganzi unapoanza kuzinduka. Cha muhimu ni kuwahi, ndani ya saa ya kwanza, kabla kichwa hakijashika hatamu. Mkanda ulipozima alivua miwani ya jua. Hakuwa amepona kabisa, alisema bado kuna uzito nyuma ya jicho, lakini jioni alikwenda sokoni na binti yangu. Mume wangu katika hali ile angekuwa sakafuni.

Kifaa kinaitwa Nerivio, kimetengenezwa na kampuni ya Israel iitwayo Theranica. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikiruhusu Mei 2019 kwa kutuliza kipandauso kilichoanza, na mwaka 2023 ikaruhusu kitumike pia kukizuia kisije. Hakipatikani kama kikuku cha kuhesabu hatua. Kule kinatolewa kwa cheti cha daktari.

Swali langu la kwanza lilikuwa lile ambalo nadhani unalo wewe pia: kichwa kinauma, kwa nini mkono? Usiku ule sikulala, nilisoma mpaka saa nane. Wazee walisema dawa ya moto ni moto, na mwili umeumbwa na jambo la namna hiyo ndani yake. Sehemu moja ikipata msisimko mkali, shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, hutuma amri ya kupunguza maumivu ya mwili mzima. Nimeliona wodini mara nyingi, mama mwenye uchungu wa uzazi anapojiuma mdomo na kukamua kidole cha mkunga. Kifaa kinaamsha neva za mkononi zinazobeba habari za maumivu, lakini kwa nguvu ya chini ya kiwango cha kuumiza. Habari inapanda mpaka shina la ubongo, linamwaga kemikali kama serotonini na noradrenalini, na zile zinanyamazisha mahali ambapo neva za uso na shingo huleta maumivu ya kipandauso. Ndiyo maana hakuna kitu kinachofungwa kichwani.

Umeme kwa kichwa ni jambo la kale, kwa kweli. Katika karne ya kwanza tabibu mmoja wa Roma, Scribonius Largus, aliandika kwamba mwenye kichwa sugu awekewe samaki wa umeme wa baharini, akiwa hai, pale panapouma, mpaka pafe ganzi. Nilipomsimulia mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Yeye amekaa kambi za Magharibi, na wavuvi wa Ziwa Albert walishamwonyesha kambare wa umeme wa Mto Nile na kumwonya asimguse.

Lakini mimi ni mtu wa dawa, nataka namba. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019 walishiriki watu 252. Nusu walipewa kifaa chenyewe, nusu kifaa cha kuigiza kinachotoa mtekenyo usiotosha kufanya kazi, na hakuna aliyejua anacho kipi. Baada ya saa mbili, watu 67 kati ya kila 100 wenye kifaa cha kweli walipata nafuu, na 39 kati ya 100 wenye cha kuigiza. Waliotokwa na maumivu kabisa walikuwa 37 kwa 18. Katika jaribio la kuzuia, lenye watu 248 waliovaa siku moja na kuruka moja, wenye kifaa cha kweli walipunguza siku 4 za kipandauso kwa mwezi, wa kuigiza siku 1 na kitu.

Si muujiza. Mtu mmoja kati ya watatu hapati nafuu. Ila namba iliyonishika ni ile ya 39. Watu 39 kati ya 100 walipata nafuu kwa kufungwa mkanda usiofanya kazi! Wako watakaosema hiyo ni imani tu. Mimi naisoma hivi: walikuwa wamesikilizwa, wameambiwa ugonjwa wao una jina, na wamevaa kitu mkononi ambacho kila anayewaona anajua wanaumwa. Mume wangu katika miaka 12 hakuwahi kupata hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Mpwa wangu anakipata kifaa chake kupitia wizara inayohudumia wanajeshi wastaafu kule kwao. Tangu mwaka 2000 jeshi la Marekani limeandika zaidi ya visa 400,000 vya wanajeshi walioumia ubongo, wengi kwa mtikiso tu, bila fuvu kuvunjika, na vingi vilitokea mazoezini, barabarani na michezoni badala ya vitani. Na mtikiso ukishapita, kinachobaki mara nyingi ni kichwa cha namna ya kipandauso. Kuanzia mwaka 2018 wizara ile imefungua vituo maalumu vya maumivu ya kichwa kwa wastaafu. Kwa veterani, tiba isiyomezwa ina uzito wa pekee, kwa sababu mara nyingi tayari anameza ya mgongo, ya usingizi, ya presha. Kila kidonge kipya kinabisha hodi kwenye ini na figo zilezile.

Sitasahau siku ya tatu. Kichwa cha Baba Zaituni kilianza asubuhi. Mpwa wangu, kwa huruma, alikuwa tayari anakitoa kifaa begini. "Baba mdogo, jaribu. Mara moja tu." Mume wangu alikuwa ameshakunja mkono wa shati. Alinitazama kwa jicho moja, lile la kulia amelifumba.

Nikakataa.

Nilikataa kwa sababu mwaka 2015, akiwa likizo, alianguka bafuni akatetemeka kwa dakika nzima, akajiuma ulimi. Ilitokea mara moja tu, hatukupima, tukasema ni uchovu. Kifaa hiki hakiruhusiwi kwa mwenye kifafa kisichodhibitiwa, wala mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo, wala mwenye kidude cha umeme kilichopandikizwa mwilini, kama kile cha kuratibu mapigo ya moyo. Sikujua ubongo wake una nini. Na kingemfaa, je, mpwa wangu akishapanda ndege? Hata kifaa chenyewe kina idadi ya matumizi. Kikiisha kinabadilishwa kingine. Nilimfunga leso, nikamwekea kitambaa cha maji baridi, akaenda sakafuni kwake. Mpwa wangu hakuniangalia mpaka jioni. Sijui kama nilifanya haki. Najua kwamba kama ningekuwa nyuma ya kaunta na yeye ni mteja, ningekataa vilevile.

Usiku ule mpwa wangu alinionyesha kitu kingine kwenye simu yake, na hiki ndicho kilichobaki Bombo alipoondoka. Programu inayoendesha mkanda inatunza pia kumbukumbu: siku ya kichwa, saa kilipoanza, ukali, alichomeza. Daktari wake anaitazama kila anapokwenda. Nikajiambia, hii haihitaji umeme wala cheti. Asubuhi nikanunua kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula.

Mwezi wa kwanza Baba Zaituni aliandika mwenyewe, kwa mwandiko wake wa kijeshi wa herufi kubwa. Siku 19 za kichwa. Siku 22 za vidonge. Alikaa na daftari lile barazani muda mrefu. "Nilidhani ni kama siku nane," akasema.

Tulilipeleka daftari kwa daktari wa neva Kampala. Tulisubiri miadi wiki sita na tulilipa kwa akiba, lakini yule mama alifungua ukurasa wa kwanza, akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: "Afande, uliwahi kuwa karibu na mlipuko?" Mume wangu alizungumza kwa dakika 20. Mimi nilikaa nikishika mkoba. Mambo mengine nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza. Daktari alimwandikia kipimo cha mawimbi ya ubongo kwa ajili ya lile tukio la bafuni, akamwachisha diklofenaki na zile za kafeini, akampa amitriptilini, dawa ya kuzuia kichwa kisije, kidogo ya usiku. Akatuonya kwamba wiki mbili za kwanza bila vidonge zitakuwa mbaya kuliko zote. Zilikuwa mbaya. Siku ya tano alipiga teke ndoo, akaniomba funguo za duka, nikazificha ndani ya unga wa mhogo.

Mwezi wa nne daftari lilisema siku 11.

Siandiki haya nikitaka kila mstaafu wa UPDF, jeshi letu la Uganda, afungwe mkanda kesho. Ningependa siku moja ifike, na wizara yetu ya ulinzi, ambayo jina lake lenyewe linawataja maveterani, ndiyo mahali pa kuanzia. Lakini kabla ya mkanda kuna swali la yule daktari, na lile halina bei. Linaweza kuulizwa na kila muuguzi kwenye kila kambi siku askari anaporudi kutoka Somalia: ulirushwa? masikio yalilia? kichwa siku ngapi kwa mwezi? Na sisi wa maduka ya dawa tunaweza kuuliza zaidi ya wote, kwa sababu askari huja kwetu kabla hajaenda kwa daktari. Tangu Januari nina daftari la pili, la dukani. Anayekuja kununua dawa ya kichwa mara ya tatu katika mwezi namketisha. Wengi wanasema, "Musawo (yaani daktari), nina haraka." Wachache wanaketi. Mzee mmoja aliyepigana vita vya msituni aliketi, akaniambia kichwa chake kinaanza nyuma ya jicho. Nilipomtajia neno kipandauso alilirudia mara mbili, polepole, kama mtu anayejaribu kiatu.

Majibu ya kipimo cha mawimbi tunayasubiri bado. Yakiwa safi, nimemwahidi Baba Zaituni kwamba nitamwandikia mpwa wangu.

Jana kabla ya magharibi alikuja dukani. Alisimama upande wa wateja, mbele ya kaunta, nyuma ya msichana aliyekuwa ananunua pamba. Zamu yake ilipofika akasema, "Mama Zaituni, nipe parasetamoli mbili."

"Siku ya ngapi mwezi huu?"

"Ya sita."

Nikafungua daftari kuhakikisha. Ilikuwa ya sita. Nikamhesabia mbili, nikaandika, akalipa kama mteja mwingine yeyote.